Riwaya Zetu Hazishuki Kibiti

Ukizipanga mezani riwaya za Kiswahili zinazohusu mji, utakuta nyingi zina safari moja tu: mtu anatoka kwao, anaingia ugenini, ugeni unammaliza. Rosa wa Kezilahabi (Rosa Mistika, 1971) anatoka Ukerewe na haponi. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) naye anaanzia kisiwa hichohicho, na mwisho wake ni kunyongwa. Tunapofika kwenye Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa (1990), jiji limeshakuwa dunia nzima. Kijiji ni kumbukumbu tu.

Ni vitabu vizuri, sivibezi. Lakini vimetuzoesha kuamini kwamba kuna sehemu mbili tu za kuishi: shamba na Dar. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita Kibiti kila siku, abiria wanashuka, wanapanda, wananunua korosho dirishani. Riwaya zetu zipo ndani ya mabasi hayo, ila hazishuki.

Kwani kuna hasara gani? Tuanze na hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na 5,383,728, yaani hata mmoja kati ya kumi hafiki. Na waliobaki si wote wako vijijini. Wengi wako kwenye sehemu kama Kibiti: njia panda, stendi, soko, vijiwe vya bodaboda, nyumba za tofali zinazoisogelea mikorosho. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya kamili. Wilaya mpya huja na ofisi, ofisi huja na watumishi, watumishi hutaka vyumba vya kupanga. Mji unakua hivyo, bila bahari wala ghorofa.

Sasa, mji ni nini hasa? Kiswahili chenyewe kina jibu pana kuliko riwaya zetu. Mji ni mahali pa watu wengi, sawa. Lakini tunasema pia fulani “ana mji wake”, tukimaanisha nyumba na familia. Na tunasema mji wa mimba, pale mtoto anapokaa kabla hajazaliwa. Hakuna hata maana moja kati ya hizo inayodai taa za barabarani.

Sheria nayo ina jibu lake. Mji, manispaa na jiji zinaundwa chini ya Sheria ya Mamlaka za Miji, Na. 8 ya 1982. Mji mdogo, la hasha. Huo umo kwenye Sheria ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka huohuo, pamoja na vijiji. Yaani kisheria mji mdogo umevaa kiatu cha mjini mguu mmoja, mguu wa pili uko peku shambani.

Msidhani haya ni mambo ya makarani tu. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Eneo likitangazwa mji, sauti hiyo inahamia halmashauri. Wanakuja wapima, linakuja neno “viwanja”. Bibi aliyelala miaka yote kwenye shamba lake la minazi anaamka yuko mjini, na hajapanda basi lolote. Riwaya ya mtu huyo iko wapi? Yeye hakuufuata mji, mji ndio umemfuata.

Karibu zaidi tulifika na Gamba la Nyoka (1979), Kezilahabi alipoandika habari za watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Rufiji wanaijua habari hiyo mapema kuliko wengi: baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni wakaishi kwenye vijiji vilivyopangwa sehemu za juu. Lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, kwa hiyo watu wakawa na nyumba juu na dungu chini, wanahama na msimu. Na mto haukuacha tabia yake. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba tena Rufiji na Kibiti.

Hapo ndipo ule mtindo wa safari moja unaposhindwa kabisa. Mchukue mtu wa Mtunda, kata ya upande wa delta. Kwake “mjini” ni Kibiti. Anakwenda kuuza mchele, kufuata karatasi ya halmashauri, kumwona mgonjwa, kisha anarudi kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Mwezi ujao anakwenda tena. Haharibikiwi, haokoki; anakwenda na kurudi. Huyu ni mtu wa mjini au wa shamba? Swali lenyewe linamkosea, na mwandishi akilazimisha jibu atamkosea vilevile.

Mtu atasema: mwandishi anaufuata mgogoro, na mgogoro uko Dar. Mimi nasema Ebrahim Hussein aliukuta huku huku. Kinjekitile (1969) haikuhitaji jiji. Ilihitaji mto, watu wanaolazimishwa kulima pamba, na swali la nani ana haki ya kuamua. Swali hilo leo liko kwenye kikao cha viwanja.

Nasubiri riwaya itakayoanzia stendi ya Kibiti na isiwe na haraka ya kufika Mbagala. Mhusika akae hapo kurasa mia mbili, akigombea kiwanja chenye mnazi aliopanda mama yake.