Jibu Lisilojibu

Neno la Kiingereza "answerless" humdanganya mfasiri wa Kiswahili kwa wepesi wake. Huandika "-sio na jibu", akaendelea na safari yake. Asili ya neno hilo yamtaka asimame kidogo.

"Answer" yatokana na "andswaru" ya Kiingereza cha kale. Sehemu ya kwanza ina maana ya "dhidi ya". Ya pili ina nasaba moja na kitenzi cha kuapa. Jibu, basi, lilikuwa kauli ya mtu aliyekabili tuhuma na kuikanusha kwa kiapo. Kiambishi "-less" nacho hakitokani na neno lenye maana ya "pungufu", ingawa maandishi yao ni mamoja. Asili yake ni "leas", yaani kukosa kitu au kuwa huru nacho.

Mnamo Novemba 1586, Bunge la Uingereza lilimsihi Malkia Elizabeth I aidhinishe kuuawa kwa jamaa yake, Mary Stuart, aliyekwisha kuhukumiwa. Malkia alihutubu kwa maneno mengi, kisha mwenyewe akaliita jibu lake "answerless". Februari 1587 alitia saini hati, na Mary akakatwa kichwa. Elizabeth akadai hakukusudia hati hiyo ipelekwe. Katibu wake, William Davison, ndiye aliyetiwa gerezani.

Mfasiri aandikeje hapo? "Jibu lisilojibika" lingedai kwamba jambo lenyewe halikuwa na ufumbuzi, na hivyo kumtakasa malkia. "Lisilojibiwa" lingewatwika lawama waliomsikiliza. "Lisilo na jibu" lingeacha mambo gizani, kama alivyopenda yeye. "Jibu lisilojibu" ndilo lenye haki zaidi, kwa kuwa huonyesha kauli iliyotolewa makusudi ili isitimize kazi yake. Aliyeombwa kauli ya kumfunga kama kiapo alitoa maneno yasiyomfunga.

Hapa unyambulishaji wa Kiswahili si mzigo kwa mfasiri. Humlazimisha aamue nani alishindwa, nani alipuuzwa, na nani alikataa. Uamuzi ambao kiambishi kimoja cha Kiingereza humruhusu msemaji kuukwepa.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Elizabeth hakunyamaza, alisema sana, na mshindo ukafuata baada ya miezi miwili na nusu.