Kushinda kwa Rocky: Maoni ya Watazamaji na Tatizo la Kitenzi Kimoja

Mtu akiulizwa filamu ya Rocky inaishaje, mara nyingi hujibu bila kusita kwamba Rocky anashinda. Jibu hilo si sahihi. Katika filamu ya kwanza, ile iliyotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1976, majaji wanampa ushindi bingwa Apollo Creed, ingawa hawakubaliani wote, na Rocky Balboa anaondoka akiwa amepoteza pambano kwa pointi. Nimewasikia wanafunzi, walimu wenzangu, hata watu wanaojivunia kuitazama filamu hiyo mara nyingi, wakilirudia kosa hilo moja kwa uhakika ule ule. Kosa lililoenea kiasi hicho haliwezi kuwa usahaulifu mtupu. Nia ya makala haya mafupi ni kulichunguza pamoja na maoni mengine yaliyotolewa juu ya filamu hii, kwa kuwa tunaamini kwamba watazamaji wanaokosea pamoja wana jambo wanalolijua.

Hadithi yenyewe si ndefu. Rocky ni bondia wa kiwango cha chini huko Philadelphia, anayejipatia riziki kwa kumkusanyia madeni mkopeshaji wa riba. Creed amekwisha kupanga pambano la tarehe 1 Januari 1976, mwanzo wa mwaka ambao Marekani ilitimiza miaka 200, na mpinzani aliyepangwa anaumia. Bingwa anaamua kumpa nafasi mtu asiyejulikana, naye anamchagua Rocky kwa sababu tu ya jina lake la ulingoni, ambalo litapendeza kwenye matangazo. Sylvester Stallone aliandika mchezo huo mwenyewe, akakataa kuuuza iwapo nafasi ya Rocky ingepewa mwigizaji mwingine. John Avildsen aliuongoza kwa siku 28, kwa gharama ya takriban dola milioni 1, kiasi kidogo sana kwa filamu ya Hollywood. Mnamo Machi 1977 filamu ilipata tuzo tatu za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, mbele ya Taxi Driver na Network.

Wahakiki hawakuipokea kwa sauti moja. Roger Ebert wa Chicago aliisifu mno, akamfananisha Stallone na Marlon Brando wa ujanani. Vincent Canby wa gazeti la New York Times hakuvutiwa. Aliona humo hisia nyingi na ukweli mchache. Ubishi huo, kwa maoni yetu, umekwisha kuchakaa. Anayesema kwamba hadithi ya maskini anayeinuliwa kwa siku moja ni ngano ya kale, amesema kweli. Anayejibu kwamba ngano hiyo imesimuliwa vizuri, naye amesema kweli. Mabondia nao wamelalamika kwamba hakuna mtu anayeweza kupigwa usoni mara nyingi vile, mikono ikiwa chini, akabaki hai hadi raundi ya 15. Hilo halihitaji mjadala.

Lalamiko la vijana wa leo lina uzito zaidi. Wao husema kwamba filamu inachelewa: saa nzima na zaidi inapita kabla ya mazoezi kuanza, na katika saa hiyo tunamwona Rocky akiwalisha kobe wake, akimsemesha Adrian katika duka la wanyama, akimpeleka kuteleza juu ya barafu katika ukumbi usio na mtu mwingine. (Ukumbi ulikuwa mtupu kwa kuwa fedha za kuwalipa waigizaji wa kuujaza hazikuwapo; umaskini wa watengenezaji ukawa uzuri wa filamu.) Vijana hao hao, hasa wanafunzi wa kike, husimama pia katika tukio linalofuata, pale Rocky anapomzuia Adrian mlangoni asitoke nyumbani kwake. Watazamaji wa mwaka 1976 waliliona kuwa tukio la haya na mapenzi. Wa leo wanauliza kama yule mwanamke alikuwa na njia ya kukataa. Nakubaliana nao juu ya mlango, lakini si juu ya uchelewaji. Bila ile saa ya kwanza tusingeelewa Rocky anaomba nini usiku wa mwisho.

Na usiku huo ndio ufunguo. Rocky anakwenda peke yake kwenye ukumbi wa pambano, anaiona picha yake kubwa ukutani, anatambua kwamba rangi ya kaptura imekosewa, na mwandaaji wa pambano anamjibu kwamba haidhuru. Anarudi nyumbani, anaketi kando ya Adrian na kumwambia kwamba hawezi kumshinda Creed. Anachotaka ni kuwa bado amesimama kengele ya mwisho ikilia, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kulifanya mbele ya bingwa huyo. Akilifanya, atajua kwamba yeye si mhuni mwingine tu wa mtaani. Tangu hapo mtazamaji amepewa kipimo kingine, na majaji walioketi kando ya ulingo hawakijui.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo ambalo lugha nyingine zinalificha. Kitenzi «kushinda» kina maana mbili. Ya kwanza ni kumzidi mwingine nguvu au hesabu: timu imeshinda, mdai ameshinda kesi. Ya pili haihitaji mpinzani wala majaji: ni kuukaa mchana wote, kudumu katika hali fulani hadi jua litue. Tunasema mtu ameshinda shambani, ameshinda njaa, ameshinda na homa; na jioni tunamwuliza jirani ameshindaje. Anayeshinda njaa hakuipiga njaa akaiangusha. Aliibeba mpaka jioni. Hatudai kuthibitisha hapa ni maana ipi iliyoizaa nyingine. Inatosha kuona kwamba msemaji wa Kiswahili hupita toka moja hadi ya pili bila kuvuka mpaka wowote anaouhisi.

Basi mtu anaposema kwa Kiswahili kwamba Rocky alishinda, amekosea kwa maana ya kwanza na amepatia kabisa kwa maana ya pili. Katika raundi ya 14 Rocky anaangushwa. Mickey, kocha wake mzee, anampigia kelele abaki chini. Naye anapanda juu kwa kushika kamba, huku Creed, aliyekwisha kuinua mikono, akimtazama bila kuamini. Pale ndipo Rocky anaposhinda kama mtu anavyoshinda na homa. Yanayofuata ni hesabu. Kitenzi hicho kimezaa pia majina mawili yanayopishana kwa irabu moja tu: «mshindi», yule atendaye, na «mshinde», yule atendwaye, kwa umbo lile lile linalotupa «mtume» kutoka kutuma na «kiumbe» kutoka kuumba. Sarufi inawatenga watu hao wawili kwa irabu ya mwisho. Filamu inawachanganya kwa makusudi.

Nasema kwa makusudi, kwa sababu kosa la watazamaji limeandaliwa na Avildsen mwenyewe. Msomaji aitazame tena dakika ya mwisho na kusikiliza, si kutazama. Matokeo yanasomwa, lakini sauti ya mtangazaji inazama katika muziki wa Bill Conti, katika vurugu ya waandishi wa habari, na katika jina la Adrian ambalo Rocky analiita tena na tena. Kamera haimtafuti bingwa. Inamfuata mwanamke anayepenya katika umati, kofia yake ikipotea njiani. Tangazo la ushindi wa Creed limewekwa pale ambapo sikio halina nafasi. Filamu ya pili ya mwaka 1979, ambamo Rocky anamwangusha Creed na kuuchukua ubingwa, ilikamilisha kazi hiyo: watu wengi wamezishona filamu mbili kuwa moja, na mwisho wa pili umekula mwisho wa kwanza. Kwa hukumu yangu, hiyo ni hasara. Filamu ya pili ilimpa Rocky maana ya kwanza ya kushinda, na kwa kufanya hivyo ikaidharau ya pili.

Mpaka hapa nimeandika kama mtu aliyekuwa upande wa Rocky, na kweli ndivyo nilivyokuwa. Niliitazama filamu hii kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya video ya mtaani, ikiwa imetafsiriwa kwa Kifaransa. Tulipiga kelele hadi tukapoteza sauti. Niliporudi nyumbani na kusimulia, baba aliniuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo. Yeye, kama wengi wa rika lake, alilifuata redioni pambano la Kinshasa. Alisema kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambacho naandika hapa kwa sanifu: «Mwanangu, yule mweusi mliyekuwa mnamzomea, hukumtambua? Yule ni Ali.»

Baba hakukosea. Tarehe 30 Oktoba 1974, alfajiri, katika uwanja wa 20 Mai, Muhammad Ali mwenye umri wa miaka 32 alipambana na George Foreman wa miaka 25, ambaye alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi mbili kila mmoja. Wengi wa wataalamu hawakumpa Ali nafasi. Mnyonge wa usiku ule alikuwa yeye, na umati wa Kinshasa ulimwimbia kwa Kilingala amuue mpinzani wake. Alimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Utetezi wake wa kwanza wa ubingwa huo ulifanyika tarehe 24 Machi 1975 huko Richfield, Ohio, dhidi ya Chuck Wepner, bondia wa New Jersey aliyekuwa akiuza pombe ili aishi. Wepner alimpeleka Ali chini katika raundi ya 9 (Ali alisema alikanyagwa mguu), akavumilia hadi sekunde 19 zilipobaki katika raundi ya 15, ndipo mwamuzi akasimamisha. Stallone alilitazama pambano hilo, na Rocky akazaliwa humo. Miaka mingi baadaye Wepner alimshtaki kudai haki yake, wakapatana mwaka 2006.

Kwa hiyo mkanda anaouvaa Apollo Creed ni ule uliotoka Kinshasa. Katika muda wa miezi mitano tu mnyonge wetu alikuwa amegeuka jitu la kuangushwa, na filamu ikamchukua katika sura hiyo ya pili peke yake: maneno mengi, mbwembwe, mavazi ya George Washington, fedha zinazorushwa kwa watazamaji. Mwaka 1979 Ali aliitazama filamu ya pili pamoja na Ebert, aliyeandika mazungumzo yao. Ali aliifurahia, lakini alisema wazi kwamba mtu mweusi kutoka mshindi kungekwenda kinyume na mafundisho ya Marekani. Neno hilo linapaswa kuhesabiwa miongoni mwa maoni ya watazamaji. Hakuna mtazamaji aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kulisema.

Watu wa Philadelphia wana mfano wao. Joe Frazier, bingwa wa kweli wa dunia, alifanya kazi katika machinjio ya mji huo, na ndiye aliyekuwa akizipiga nyama zilizotundikwa, jambo linalofanywa na Rocky katika filamu. Frazier anaonekana humo kwa dakika moja, akisalimia ulingoni. Sanamu ya Rocky, mtu asiyekuwapo, ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya tatu ya mwaka 1982, na mji ukabaki nayo. Sanamu ya Frazier ilisimamishwa mwaka 2015, miaka minne baada ya kifo chake.

Je, hayo yanaharibu filamu? Siamini, ila yanaigawa furaha yake. Turudi kwenye kitenzi chetu. Nimesema Rocky alishinda kwa maana ya pili. Lakini Creed naye alifika kengele ya mwisho, mbavu zikiwa zimeumizwa, baada ya kuangushwa katika raundi ya kwanza na mtu ambaye hakumpa uzito wowote. Alibaki amesimama. Kisha majaji wakampa pambano. Katika filamu nzima ndiye mtu pekee aliyeshinda kwa maana zote mbili, na sijakutana na mtazamaji mmoja anayelisimulia pambano kwa upande wake. Kitenzi kilikuwa tayari kumpokea; ni kamera iliyogeuka upande mwingine.

Ryan Coogler aliliona hilo alipotengeneza filamu ya Creed mwaka 2015. Humo mwana wa Apollo ndiye mnyonge, na Rocky mzee anakaa kwenye kona kama Mickey alivyokaa. Adonis anapigana Liverpool, anaangushwa, anainuka, anafika mwisho wa raundi ya 12, na majaji wasiokubaliana wanampa ushindi mpinzani wake. Safari hii matokeo yanasikika vizuri. Niliitazama pamoja na baba. Matokeo yaliposomwa hakusema lolote, ila aliniomba nirudishe nyuma ile raundi ya mwisho, tukaitazama tena.