Hongera, Wacharazaji wa Tanga

Tanga husemwa ni waja leo, waondoka leo. Gitaa lilikuja, likakaa.

Miaka ya 1960 mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, mahasimu wa jukwaani. Upande wa taarabu, Black Star, na baadaye Lucky Star, wakaingiza gitaa la umeme na besi mahali palipozoea udi na fidla. Wilson na George Kinyonga walinolewa Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakatua Nairobi na kuunda Simba Wanyika.

Ufundi wa wacharazaji wa Tanga ni kugawana kazi: besi inatembea, rithim inashikilia, solo inazungumza. Mtazame mpiga rithim. Kiganja cha kulia kimelalia nyuzi karibu na daraja, sauti inatoka fupi, kavu, ileile dakika kumi nzima. Makofi yanakwenda kwa solo, lakini rithim ikiteleza, miguu ukumbini inajikwaa.

Vyombo navyo vina adabu yake. Hewa ya chumvi hula nyuzi, kwa hiyo mpigaji makini hazifuniki kabla ya kuzifuta moja moja kwa kitambaa kikavu.

Kijana unayetamani pedali mpya, anza na rithim. Shika kodi mbili mpaka mkono uzijue bila macho. Ampu kubwa haifichi kidole kivivu; hukitangaza.

Kwenu mliotuonyesha hayo: heko, na vidole visipoe.