Kutoa ni Moyo, Lakini Zaka ni Deni



Hapana methali wanayoipenda matajiri wetu kama hii: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maana yake njema ni kumtia nguvu maskini, asione haya kutoa hata nusu ya tende. Lakini leo imegeuzwa ngao ya mwenye ghala: moyo wake ukitaka hutoa, usipotaka hafungui mlango.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Sitalike, kando ya Mto Katuma, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Nimeishi na wakulima na wanunuzi wa mazao, nasema niliyoyaona. Kila Ramadhani nyumba zenye uwezo huwaita maskini. Watu hupanga mstari juani, hupewa kilo ya mchele, na siku hizi hupigwa picha kwa simu. Mwalimu huitwa aombe dua. Nami nimeomba, ewe msomaji, na bahasha nimepokea, bila ya kumwuliza mwenye nyumba neno moja: zaka ya mavuno umekwisha kuitoa?

Basi na tuhesabu. Zaka ya nafaka haingoji Ramadhani. Suratul An'am, aya ya 141, yaamrisha haki hiyo itolewe siku ya kuvuna. Nisabu yake ni wasaki 5, yapata kilo 650 za nafaka kavu. Na mpunga wenye maganda, katika madhehebu ya Shafii, ni wasaki 10. Kilichomea kwa mvua hutolewa fungu moja katika 10. Kilichonyweshwa kwa gharama, moja katika 20. Aliyevuna kwa mvua magunia 40 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, anadaiwa magunia 4. Akiwagawia watu 60 kilo moja moja, mji mzima humsifu. Na hata tukimhesabia hizo, kilo 340 za maskini zimelala ghalani mwake.

Kwa nini basi sukari na mchele wa Ramadhani ni vyepesi, na gunia la mavuno ni zito? Kwa sababu deni halina sifa. Alipaye deni haitwi karimu; atoaye zawadi huitwa.

Sisemi sadaka ya wazi ni haramu. Suratul Baqara, aya ya 271, yaisifu, kisha yaifanya bora ile ya siri iwafikiayo mafakiri. Lakini aya ya 264 yaonya kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Na kumsimamisha mjane juani apigwe picha, si maudhi? Tena mstari huo waweza kuua: huko Sanaa, Yemen, Aprili 2023, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana wakigombea msaada wa wafanyabiashara.

Ewe uliyeruzukiwa, mavuno yajayo pima uwanjani, mazao yakikauka, mbele ya watu wawili waaminifu. Kisha peleka magunia nyumbani kwa wenyewe baada ya Isha. Ukimaliza deni, hapo ndipo utoe kwa moyo upendavyo.

Nami nimeazimia: sitainua mikono mlangoni pa mtu kabla sijamwuliza swali lile. Bahasha zikipungua, na zipungue.

Wabillahi tawfiq.