Kokoto Nyepesi za Meli ya Selma

Karibu na Galveston, Texas, meli ya mafuta iitwayo Selma imekalia tope tangu Machi 1922, sehemu yake ya juu ikiwa nje ya maji. Mwili wake wote ni wa zege. Wengi huitaja kama ushahidi kwamba meli za zege zilikuwa ndoto ya bure. Nawapinga. Selma ni miongoni mwa kazi bora za zege za karne ya 20, na ubora wake umo kwenye kokoto.

Kuelea kwenyewe hakukuwa fumbo. Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua ya saruji na nyavu za chuma mwaka 1848, na mwaka 1917 Mnorwe Nicolay Fougner akashusha majini Namsenfjord, meli ya zege yenye injini. Kazi ngumu ilikuwa kupunguza uzito. Meta moja ya ujazo ya zege la kawaida ina takriban kilo 2,400, na kwa kuwa zege ni dhaifu linapovutwa, kuta zake lazima ziwe nene mara nyingi kuliko bamba la chuma. Kila tani inayoongezeka kwenye mwili wa meli inapunguzwa kwenye shehena.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya chuma kiwe adimu, Rais Wilson wa Marekani aliidhinisha meli 24 za zege. Zilikamilika 12, Selma ikiwa mojawapo: karibu meta 130 kwa urefu, iliyoundwa Mobile, Alabama, na kushushwa Juni 1919, vita vikiwa vimekwisha.

Jawabu la uzito lilitoka kwa mfyatua matofali wa Kansas City, Stephen Hayde. Baadhi ya matofali yake yalikuwa yakivimba tanurini na kuharibika, naye akaona kwamba kasoro ile ina faida. Aina fulani ya mwamba wa udongo uliogandamana ikichomwa kwa joto la nyuzi 1,100 hivi, huanza kulainika, na gesi zinazozalika ndani yake hukosa pa kutokea. Mwamba huvimba. Ukipoa, unabaki jiwe gumu lililojaa vitundu. Ukilisaga, unapata kokoto nyepesi, na zege lake lilishuka hadi karibu kilo 1,900 kwa meta ya ujazo. Ndiyo maana kuta za Selma ziliwezekana kwa unene wa sentimeta 10 tu ubavuni na takriban 13 chini.

Wepesi huo ulikuja na faida nyingine, ambayo ndiyo inayonivutia zaidi. Katika zege la kawaida jiwe ni gumu kuliko saruji iliyolizunguka, hivyo mzigo ukija nyufa ndogondogo huanzia pale vinapokutana. Kokoto za Hayde zina ukakamavu unaokaribiana na wa saruji, na uji wa saruji huingia kwenye vitundu vyake na kuzishika. Nyufa hupungua, na maji ya chumvi hukosa njia ya kuzifikia nondo za chuma zilizo ndani ya zege. Nondo za Selma zilifunikwa na zege la milimeta 16 hivi. Leo mhandisi wa gati hutaka 50 au zaidi.

Kilichoiangusha Selma ni pigo. Mei 1920 iligonga ukuta wa kukinga mawimbi huko Tampico, Mexico, ikapasuka ubavu kwa karibu meta 18. Bamba la chuma likigongwa hubonyea. Ukuta mwembamba wa zege humeguka. Ilipelekwa Galveston, ambako mafundi hawakuwa na uzoefu wa kuziba jeraha la aina hiyo, na mwishowe ukachimbwa mfereji wa kuizamisha. Huo ndio udhaifu halisi wa meli hizi, na sioni sababu ya kuuficha.

Lakini mwaka 1953 zilikatwa sampuli kutoka kwenye mwili wake. Zege lililoanza na nguvu ya megapaskali 38 hivi lilikuwa limevuka 55, na kutu kwenye nondo ilikuwa kidogo mno. Kufikia wakati huo wajenzi wa madaraja walikwisha kuzichukua kokoto za namna hiyo: sakafu ya juu ya daraja la San Francisco–Oakland, lililofunguliwa mwaka 1936, ilimwagwa kwa zege jepesi, na kila kilo iliyopungua pale juu ilipunguza chuma kilichohitajika kulishikilia daraja.