"Merchant", Tajiri na Bepari: Uhakiki wa Jina la Tafsiri

Walimu wa Kiswahili aghalabu huulizwa na wanafunzi: neno fulani la Kiingereza lasemwaje kwa Kiswahili? Swali hilo huonekana jepesi, kumbe lina mtego, maana maneno mengi ya Kiingereza hubeba maana zaidi ya moja. Katika makala haya tutalitazama neno "merchant", na uamuzi wa Mwalimu Julius K. Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, akaiita Mabepari wa Venisi (1969).

Maana kuu ya "merchant" ni mfanyabiashara mkubwa, anunuaye na kuuza kwa jumla, hasa bidhaa za ng'ambo. Huko Uskoti na Marekani neno hilohilo humtaja hata mwenye duka la rejareja. Katika Kiingereza cha zama za Shakespeare liliweza pia kumaanisha "jamaa" tu, tena kwa dharau. Na siku hizi husemwa kwa kejeli juu ya mtu aliyezoea jambo baya, kama vile kuendesha gari kwa kasi mno.

Kiswahili nacho hakikukosa maneno. Mchuuzi hafai hapa, kwa kuwa yeye huuza kidogo kidogo. Tajiri, neno lenye asili ya Kiarabu, hapo kwanza lilimaanisha mfanyabiashara. Lakini leo tukimtaja tajiri twamfikiria mwenye mali, au mwajiri. Bepari lilitoka Bara Hindi, katika Kigujarati, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara, hasa Mhindi. Baadaye siasa ikalipa kazi nyingine: bepari akawa mwenye mtaji anayenufaika kwa jasho la wengine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maana hiyo ilienea mno hata ikaifunika ile ya kwanza.

Hivyo basi, jina Mabepari wa Venisi lasomeka kwa njia mbili. Kwa asili ya neno, ni tafsiri sahihi. Kwa matumizi ya mwaka 1969, ni hukumu. Isitoshe, Shakespeare alitumia umoja, na mfanyabiashara wake ni Antonio, mwenye merikebu, wala si Shylock, mkopeshaji wa riba, ingawa wanafunzi wengi hudhani hivyo. Wingi wa Kiswahili unawatia wote katika kapu moja.

Faida ya uamuzi huo ni kubwa. Tangu jaladani msomaji anaona kwamba fedha ndiyo itawalayo mji ule. Hata posa ya Bassanio yategemea mkopo wa dukati 3,000. Na Shylock, mbele ya mahakama, anawakumbusha wanaomlaumu kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua.

Lakini hasara pia ipo. Ugomvi wa tamthilia umejengwa juu ya tofauti kati ya Antonio, akopeshaye bila riba, na Shylock, atozaye riba. Zaidi ya hayo, Shylock anatemewa mate kwa kuwa ni Myahudi. Mwanafunzi akiongozwa na jina peke yake, ataona mapambano ya fedha tu, na chuki ya dini itampita bila kuitambua. Hilo si jambo dogo katika darasa lenye watoto wa dini na makabila mbalimbali.

Kwa maoni yetu, mfasiri alikuwa na haki ya kuchagua, na alichagua kwa ujasiri. Wajibu wa mwalimu ni kuonyesha kwamba uchaguzi ulifanyika. Basi tusiwaandikishe wanafunzi ubaoni kwamba "merchant" ni bepari, tukaishia hapo. Tuwaulize kwanza: ni nani anayetajwa, anauza nini, na katika zama zipi? Na mwanafunzi atakayemwita Antonio mfanyabiashara, tumpe alama zake zote.