Filimu Moja Mara Mbili: «Ikiru» na «Living»

Watu wengi husema: filimu ya kwanza ndiyo nzuri, ile iliyofanywa tena ni kivuli chake tu. Sisi hatupendi kukata shauri upesi hivyo. Tupime filimu mbili.

Mwaka 1952 Akira Kurosawa, Mjapani, alitoa «Ikiru», maana yake «Kuishi». Mwaka 2022 Oliver Hermanus, mtu wa Afrika ya Kusini, aliifanya tena kwa Kiingereza, akiiita «Living». Kazuo Ishiguro ndiye aliyeandika maneno yake. Habari ni ile ile. Mkubwa wa biro moja ya mji, aliyekaa miaka mingi kati ya makaratasi bila kufanya kitu, anatambua kwamba kansa itamwua upesi. Ndipo anajitoa kabisa, ili watoto wa mtaa mmoja maskini wapate kiwanja cha kuchezea.

Ziko tofauti tusizozilaumu. Mganga wa Japani anamficha mgonjwa, anamwambia ni kidonda kidogo cha tumbo. Mganga wa London anasema kweli. Mzee Watanabe anainama, sauti haimtoki; Bwana Williams anajizuia kwa adabu. Kila taifa lina namna yake ya kuficha uchungu.

Lakini tuangalie mwisho. Kwa Kurosawa, mzee akiisha kufa, makarani wanakusanyika kwenye matanga. Wanakunywa, wanalia, wanaapa kufanya kazi kama yeye. Kitambo kidogo, wamerudia desturi ya zamani. Mmoja tu anasimama kwa hasira, kisha anakaa tena, akifichwa na marundo ya makaratasi.

Kwa Hermanus vilevile wanaapa, vilevile wanasahau. Lakini marehemu amemwachia karani kijana barua ya kumfariji: siku moyo utakapolegea, akumbuke kiwanja kile kidogo. Barua ni nzuri, nasi tuliguswa. Walakini hapo marehemu anajieleza mwenyewe, na fumbo tulilopaswa kulifumbua sisi limekwisha kufumbuliwa.

Ni nani kati yetu asiyeapa vile kwenye matanga? Filimu ya pili inatufariji, tunakwenda kulala. Ile ya kwanza haitufariji. Inatuacha na kiapo chetu mkononi. Anayeweza azione zote mbili, lakini aanze na ya Kurosawa.